Ungemwacha Nani

3 Februari

Kaka,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu nimelelewa vizuri, lakini ujue nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Ukiona mwandiko umepanda juu ya mstari, ni hasira, si uzee.

Simu yako ina nini? Nikipiga inaita, inapokelewa, nasikia mkwaruzo, halafu kimya. Sasa nimeona nikuandikie kama zamani nilipokuwa bweni. Bahasha nimempa kondakta wa basi la asubuhi, maana karakana yenu iko hapo hapo mbele ya stendi, na kila mtu stendi anamjua fundi makochi.

Juzi niko dirishani kwangu hospitali, nainua kichwa, namwona nani? Mzee Fremu, yule seremala wenu, kajishika tumbo la chini, na mkewe nyuma yake. Ngiri. Nikamwambia, mzee, wewe nenda dirisha la kwanza, la wenye kadi za bima, hapa ni kwa pesa mkononi. Akasema, "Kadi hatuna tena, mwanangu. Tulijitoa." Nani na nani? "Karakana nzima. Hata kaka yako."

Hata kaka yangu! Na mimi nakaa hapa naringa.

Kaka, kazi yangu unaijua lakini hujawahi kuiona. Dirisha la pili mtu anaulizwa jina, anaulizwa umri, halafu anaulizwa ana nini mfukoni. Hapo ndipo anageuka kumtazama aliyekuja naye. Nimeona mtu akivua saa. Nimeona mama akiniuliza kama anaweza kulipia kipimo kimoja leo na cha pili mwezi ujao, kama anavyonunua sahani. Sitaki kuinua kichwa nikuone wewe.

Una Mama mwenye presha ndani ya nyumba. Una mke, una Binti ambaye kifua kinambana vumbi likipanda, una pacha ambao hawawezi kupita ukuta bila kuupanda. Mnajitoaje, watu wazima na akili zenu? Nijibu. Na usinijibu kwa mzaha.

Mdogo wako,
wa Dirisha la Pili


14 Februari

Bi. Dirisha,

Marahaba. Hasira zako zimefika salama, nimeziweka juu ya kabati pamoja na za mke wangu.

Simu imekufa maikrofoni. Mimi nakusikia vizuri sana ukifoka, wewe hunisikii nikijitetea. Fundi simu anataka pesa ambayo ningenunua nyingine, kwa hiyo tuandikiane tu. Barua ina faida yake, huwezi kunikatiza.

Sasa nisome mpaka mwisho kabla hujarusha kitu. Zamani tajiri alilipa nusu ya mchango wa bima, nusu tukakatwa sisi. Mwaka juzi ukapanda, tukanung'unika, tukalipa. Mwaka jana ukapanda tena. Mwaka huu tajiri akatuita akasema watu siku hizi wananunua viti vya plastiki, yeye hawezi, kila mtu ajitegemee. Hapo hapo na watu wa bima wakabadilisha utaratibu: hakuna tena kadi moja ya nyumba nzima, kila kichwa kina bei yake. Na mimi nina vichwa sita. Nikajiuliza, nilipe ili tukiumwa tutibiwe, au tule ili tusiumwe? Usiniambie usipoziba ufa utajenga ukuta. Huo ufa nauona kila siku, udongo wa kuuziba ndio sina.

Tena hatukukaa bure. Tulianzisha mfuko wetu wa karakana. Kila Jumamosi kila mtu anatupia chochote, ufunguo anao mshona vitambaa kwa sababu ndiye pekee asiyekunywa. Ukiumwa, unafunguliwa. Mfuko huo ndio uliomlipia Mzee Fremu ngiri yake pale kwako, na ninakushukuru ulivyompokea. Sasa hivi umebaki na vumbi, lakini utajaa tena.

Na kadi yenyewe, miaka yote niliyokatwa niliitumia mara moja, kwa jino. Msichana wa dirishani akaniambia jino la nyuma halimo kwenye bima. Nikamuuliza, je, la mbele? Hakucheka. Mnafundishwa wapi, nyie? Tangu siku ile nilijiona kama mtu anayechangia harusi ambayo hakualikwa.

Mimi ni mzima. Nina kidonda kidogo tu cha misumari, chini ya ulimi upande wa kulia. Kila fundi makochi anacho. Unajua sisi misumari midogo tunaijaza mdomoni, tunaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, maana mkono huu umevuta kitambaa na huu una nyundo. Ikikuchoma inakuchoma. Nimehamia upande wa kushoto, kazi inaendelea, ila mluzi umenishinda. Mke wangu anamshukuru Mungu.

Mama anakusalimu. Anasema umekonda. Nimemwambia hajakuona tangu mwaka jana, anasema anajua tu.

Kaka yako


22 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nimekusoma mpaka mwisho na bado nataka kurusha kitu.

Ndani ya bahasha hii ya pili, iliyofungwa kwa uzi, kuna pesa. Ni zamu yangu ya upatu wa wafanyakazi. Nilitaka friji. Friji itanisubiri, miaka yote nimeishi bila maji baridi na sijafa. Nimemuuliza mwenzangu wa dirisha la kwanza bei ya kichwa kimoja, nikazidisha kwa sita, ikatosha. Nenda ofisi ya bima kesho. Usingoje tajiri, usingoje mfuko, usingoje Jumamosi.

Nakuhimiza kwa sababu naijua hiyo kazi. Anayejiunga upya anasubiri miezi kabla kadi haijaanza kufanya kazi, na ukija na ugonjwa ulioanza kabla ya kadi, wanaukataa. Ndiyo maana mtu anajiunga akiwa mzima. Akishaumwa ameshachelewa.

Mfuko wenu ni mzuri, una moyo. Lakini mfuko wa watu tisa unamtosha mgonjwa mmoja, halafu wa pili anakuta vumbi.

Hicho kidonda sukutua na maji ya chumvi, asubuhi na jioni, na hiyo misumari muiweke kwenye kopo kama watu.

Vichwa vyote sita, Kaka. Vyote.

Mdogo wako


9 Machi

Bi. Dirisha,

Marahaba, na Mungu akupe friji mbili.

Nimelipa. Kadi zimetoka, zinang'aa kama karata mpya. Mama picha yake amekunja uso kama mtu anayekamatwa na polisi. Ameifunga kwenye pembe ya kitambaa pamoja na funguo, na kila mgeni anayeingia anaonyeshwa. Pacha wamegombana nani ametoka vizuri, wakati ni uso ule ule. Mke wangu alilia kidogo pale ofisini, nikamwambia ni ofisi hii, watadhani tumefiwa.

Basi sasa lala usingizi. Umefanya kitu ambacho sitakisahau.

Maji ya chumvi nasukutua. Yanachoma kama maneno yako. Simu bado, usihangaike kupiga. Tumepata kazi ya viti vya ukumbi, vingi, tunashona mpaka vidole vinakufa ganzi.

Kaka yako


2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ya mwisho ni ya Machi, au viti vya ukumbi vimekula na kalamu?

Sina jipya, nimekukumbuka tu. Leo amekuja kwangu mwanaume wa umri wako, kinyozi, bega limeoza kwa kuinua mkono siku zote. Alihesabu alichonacho mara mbili, akasema atarudi. Wanasema hivyo, atarudi. Nilimtazama mgongo mpaka akapotea getini, na nikajisikia vibaya kwa sababu nilichowaza si yeye. Niliwaza, kaka yangu ana kadi.

Nimewaambia wote hapa kwamba nyumba yetu sasa inapita dirisha la kwanza. Wamechoka kunisikia.

Niandikie, hata mistari miwili.

Mdogo wako


19 Juni

Wifi yangu,

Habari za huko, na shemeji, na watoto? Naandikia sokoni, kwenye meza ya muuza vitunguu, kwa sababu nyumbani vyumba ni viwili na macho ni mengi. Mume wangu aliniapisha nisikuambie. Leo nakivunja hicho kiapo. Mungu atanisamehe, yeye sijui.

Kadi ni tano, wifi. Ya Mama, yangu, ya Binti, na za pacha. Yake haipo.

Pesa uliyotuma ingetosha kama Mama angekuwa na bei ya kawaida. Lakini mtu wa umri ule mwenye presha wanamtoza mara mbili. Tulisimama pale mezani, karani akasema, "Kuna kichwa kimoja hakiingii." Nikamwambia mume wangu tumwambie dada. Akasema, "Ameshatoa friji, tukimwambia atatoa na mlango wa nyumba." Akamgeukia karani, akasema andika hawa watano. Hakufikiri hata kidogo, wifi. Alisema kama anavyomwambia mteja kochi lake litakuwa na miguu minne. Mimi ndiyo maana nililia, na yeye akakuandikia mzaha.

Na simu ni nzima. Haijaharibika hata siku moja. Kilichoharibika ni ulimi. Ulianza kuwa mzito tangu mwanzo wa mwaka, akiongea unadhani ana kiazi cha moto mdomoni. Alijua ukisikia neno moja tu utapanda basi, na yeye aliona ni kidonda cha misumari tu, kwa nini akusumbue. Kwa hiyo akipokea anakwaruza simu kwa kucha, anakusikiliza unavyosema haloo, haloo, halafu anakata, anacheka. Wakati mwingine hacheki.

Misumari aliihamishia kwenye kopo tangu Machi, kama ulivyomwambia. Kidonda hakikuondoka. Hapo ndipo nilipojua si cha misumari. Nikaenda karakana kwa siri kuwauliza wenzake. Wote wakaniambia usijali, mama, kila fundi anacho, hata yule mzee aliyetufundisha kazi sisi sote alikuwa nacho. Nikawauliza, huyo mzee yuko wapi? Wakarudi kwenye nyundo zao.

Sasa anakula uji tu, na shingoni kuna kinundu kama kokwa. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sitaki kungojea kuumbuliwa. Fanya kitu, wifi. Wewe ndiye unayejua watu huko.

Wifi yako,
Mama Pacha


24 Juni

Kaka,

Leo sikuamkii.

Nimesoma barua ya mkeo nikiwa kazini, na watu kumi kwenye foleni, nikafunga dirisha nikaenda chooni kulia. Usimgombeze yule mwanamke. Ukimgombeza nakuja kukupiga mimi mwenyewe, na ulivyo sasa nitakuweza.

Nisikilize. Kujiunga leo hakusaidii, utasubiri miezi, na hicho kidonda watasema kilikuwepo. Kadi yangu ya kazini inamchukua mume, watoto na wazazi. Ndugu hawamo. Mama ningeweza kumwandika kwangu tangu mwanzo, Kaka, kama ungeniambia! Ungesema neno moja. Nilidhani pesa ile imemtosha na yeye huko kwenu, nikaacha.

Basi nimezungumza na shemeji yako, amekubali. Utakuja na kadi yake. Umri ni mmoja, upara ni mmoja, picha imefifia. Wewe hutasema kitu, utaonyesha mdomo tu, mimi nitajibu yote. Najua ninachokuambia. Watu waliokuja na kadi zisizo zao nimewarudisha mwenyewe, na mmoja alinipigia magoti. Sasa ni zamu yangu kuwa mwongo.

Panda basi. Usifikiri, panda.

Na niambie kitu kimoja. Kwa nini?

Mdogo wako


1 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, ile ambayo hukuiomba.

Kadi ya shemeji sitaki. Wakikukamata wanakufukuza, na wewe ndiye unayetushika wote. Halafu fikiri kidogo: nikifia kitandani kwenu kwa jina lake, yeye ndiye ataandikwa marehemu. Mtu mzima atakwenda kuchukua mshahara wake aambiwe pole kwa msiba wako.

Unaniuliza kwa nini. Haya, wewe unayejua mambo ya bima, simama pale mezani nilipokuwa mimi. Karani ameshika kalamu, kichwa kimoja hakiingii. Ungemwacha nani? Mama, akose kidonge chake, siku moja aangukie jikoni? Mke wangu? Binti na kifua chake? Pacha mmoja? Yupi, nitajie. Nimewapanga kila namna, na kila nikianza kumtoa mtu moyo unakataa, mpaka nikabaki mimi. Na mimi nilikuwa mzima! Mvua ikinyesha na paa ni dogo, mzima ndiye anayesimama nje. Hilo la kumwandika Mama kwako sikulijua. Ningelijua. Basi, limepita.

Sikujifanya shujaa, usije ukaniandikia hivyo. Nilidhani ni misumari. Ningejua ni kitu kingine ningeogopa kama watu wengine wote. Sasa hivi naogopa. Nikiwa peke yangu karakana, wenzangu wakienda kula, naogopa mpaka nyundo inaniteleza.

Wenzangu wamemwomba tajiri, wameuza lile kochi jekundu la maonyesho, lililokaa mbele kwenye kioo tangu karakana ifunguliwe. Pesa yote wamenipa. Mzee Fremu aliileta mwenyewe, akaiweka juu ya meza akaondoka bila kuaga. Nakuja Jumatatu. Nitapanga foleni ya dirisha la pili, kwa jina langu.

Mama anajua ni jino. Na anajua nina kadi. Iache hivyo.

Kaka yako


28 Agosti

Kaka,

Nimerudi kutoka kazini nikakuta shuka zimekunjwa, begi halipo, na kile kiti changu cha sebuleni, kilichobonyea, umekivalisha upya. Nikajiuliza kitambaa umetoa wapi, mpaka nilipoingia chumbani nikaona dirisha liko uchi. Mwizi wa mapazia wewe! Nimekikalia nikalia mpaka shemeji yako akaniletea maji.

Najua ulitusikia. Kuta za nyumba hii ni karatasi. Ndiyo, tulikuwa tunasema tuuze kiwanja, na tutakiuza. Kiwanja ni udongo. Tutapanga mpaka tuzeeke, wengi wamepanga.

Daktari hakusema haiwezekani. Alisema ni kansa, imeshuka shingoni, uende hospitali kubwa, mionzi kwanza, halafu wakate. Alisema, "Mngekuja mapema mwaka huu," na mimi nikatazama sakafu.

Ile bei ya matibabu uliandikiwa na mwenzangu, nilikuwa nimekwenda kula. Ningekuwepo ningeiandika vipande vipande, cha leo, cha wiki ijayo, usiione yote kwa mara moja. Ndivyo tunavyowafanyia watu tukiwaonea huruma. Uliikunja ukaitia mfukoni, ukanitabasamia. Nikajua utaondoka, ila sikujua ni leo.

Na aliyekuambia maji ya chumvi ni mimi. Wagonjwa wa midomo wanapita mbele ya kioo changu kila wiki, na wewe ulinieleza mpaka upande na mahali, na mimi nikasoma mbio mbio ili nifike kwenye habari ya bima. Silali, Kaka.

Rudi. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba ukinipeleka shule usiniache getini. Rudi.

Mdogo wako


20 Septemba

Mdogo wangu,

Acha kujitesa na chumvi. Mimi mwenyewe mwenye mdomo sikujua, wewe uliye mbali na karatasi ungejuaje?

Kiwanja msiuze. Wewe ulisikia daktari akisema tutajaribu. Mimi nilimtazama uso. Nimewaambia wateja wangapi "tutajaribu" juu ya kochi ambalo fremu imeoza ndani? Uso ule naujua. Sitaki watoto wako wapange maisha yao yote kwa ajili ya kujaribu.

Sauti imekwisha kabisa sasa. Natembea na karatasi na kalamu mfukoni kama mwandishi wa habari. Pacha wanaona ni mchezo, wananiuliza maswali marefu makusudi. Maumivu mke wangu anayajua, sikuandikii.

Nakuandikia kwa sababu ya Mama.

Wiki iliyopita ilikuwa siku yake ya kliniki, nikamsindikiza kama kawaida. Njia nzima ananigombeza. "Mwanaume mzima unaogopa kung'olewa jino, na kadi unayo!" Mimi naitikia kwa kichwa. Tulipofika hakwenda kukaa. Akanishika mkono, akanivuta mpaka dirishani, akatoa kadi yake kwenye kitambaa, akamwambia msichana wa dirishani, "Na huyu mwanangu mwandikeni, wa jino." Msichana akaomba kadi yangu. Mama akasema ameisahau nyumbani, mtafute humo kwenye kompyuta, tulilipiwa siku moja. Msichana akatafuta, akamsomea: yeye, mkwe, wajukuu watatu. "Huyu hayumo, bibi." Mama akasema tafuta tena. Akatafuta tena, mtoto wa watu, ana subira kuliko wewe. "Hayumo." Mama akauliza, "Sasa nani alitulipia?" Msichana akasoma jina la aliyelipa. Langu.

Mama akageuka akanitazama mdomo. Unajua Mama hajasoma, lakini hesabu hakosei.

Tukakaa kwenye benchi. Niliandika "Mama, nitakueleza," nikampa, akanirudishia. Miwani hana, na hata angekuwa nayo. Muuguzi akamwita. Hakuinuka. Akamwita tena. Mama akasema kwa sauti, benchi zima likasikia, "Mchukueni huyu kwanza." Muuguzi akasema, bibi, ni zamu yako wewe. Akajibu, "Mimi zamu yangu ilishapita. Nimezaa." Muuguzi wa watu hakujua aweke wapi uso.

Ningekuwa na sauti ningemtania, angecheka, angeingia. Sina. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono miwili, nikamwinua. Amekuwa mwepesi. Nikampeleka mpaka mlangoni nikamsukuma ndani taratibu.

Presha ilikuwa juu sana. Wamemwongezea kidonge cha pili, nacho bima imelipa. Amevipokea vyote, asante mwanangu, asante, na tangu siku hiyo hamezi. Mke wangu amevikuta chini ya mto. Alipomuuliza, Mama akasema, "Kila nikikitia mdomoni naona ni mwanangu ninayemmeza." Juzi alishika ukuta asianguke.

Kwa hiyo sitaki kiwanja, mdogo wangu, nataka uje. Mimi nimeshalipa bei hii, sitaki tuilipe mara mbili. Wewe una maneno, mimi yameniishia. Mwambie pesa yako ilitosha watu wote sita. Mwambie sehemu yangu niliinywa, au nilimpa mwanamke, chagua wewe ambalo ataliamini. Mwambie mimi ni mjinga na mlevi niliyekula bima yangu mwenyewe, na yeye hahusiki. Atanikasirikia. Unamjua, akikasirika anakula, anameza, anafagia nyumba nzima. Mke wangu nimeshamwomba, atakubali kila utakalosema.

Najua ni dhambi, na najua utakataa, na najua utakuja. Panda basi la kesho. Nataka anikasirikie nikiwa bado nipo, nimwone anavyomeza.

Kaka yako